Ukimfungulia mgonjwa lango la kutokea, usimfungie la kuingilia

Akizindua kampeni zake za urais Agosti 28, 2025, kwenye viwanja vya Tanganyika Packers, Kawe, Rais Samia Suluhu Hassan alitaja mambo ambayo serikali yake ingeyatekeleza ndani ya siku 100 za mwanzo endapo angechaguliwa. Mojawapo lilikuwa kupiga marufuku hospitali kuzuia miili ya marehemu kwa sababu ya deni la matibabu. Kando ya reli, madaraja na umeme, ahadi hiyo inaweza kuonekana ndogo. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha familia cha kutafuta fedha za kuutoa mwili, huku kaburi limeshachimbwa na wageni wamejaa uani, anajua si ndogo hata kidogo.

Wala si mpya. Mawaziri wa afya wa vipindi tofauti wameshalitolea tamko jambo hili, kila mmoja kwa ukali wake, na baada ya kila tamko familia nyingine ikajikuta mochwari ikiambiwa ilipe kwanza. Agizo likirudiwa namna hiyo inabidi tujiulize kama tatizo ni ukaidi wa waganga wafawidhi, au kuna kitu ambacho agizo halikigusi.

Mimi naona kipo. Hospitali haishikilii maiti kwa sababu watu wake wamekosa utu. Inashikilia kwa sababu imeshatoa huduma, imeshatumia dawa, na kilichobaki mkononi mwake kama dhamana ni mwili wa mtu, uwe hai au umekufa. Ukiinyang'anya dhamana hiyo bila kuziba pengo la fedha, itatafuta nyingine, na iliyo karibu zaidi ni kumtaka mgonjwa alipe kabla hajaguswa. Hapo tutakuwa tumemstahi marehemu na kumponza aliye hai.

Tuanze na jinsi mtu anavyotoka hospitali, maana wanaoandika matamko wengi wao hawajatoka kwa njia hiyo siku za karibuni.

Daktari anapita raundi asubuhi, anasoma faili, anasema: "Mama, leo tunakuruhusu." Kwa daktari kazi imeisha. Kwa mgonjwa kuna safari ya pili, na hiyo inaanzia kwa mhasibu. Bili inatoka kwenye kompyuta: kumwona daktari, kitanda kwa kila usiku, vipimo, dripu, sindano, glovu, uzi wa kushonea, chumba cha upasuaji. Ndugu anapewa namba ya malipo, anatoka kumtafuta wakala wa simu aliyekaa chini ya mwavuli nje ya geti, analipa, anarudi na ujumbe wa simu, anapanga foleni tena dirishani ili malipo yaonekane kwenye mfumo. Risiti inapelekwa wodini. Muuguzi anatoa karatasi ya kutokea, na karatasi hiyo ndiyo anayoitazama mlinzi. Hatazami kidonda wala mtoto aliyebebwa.

Asiye na fedha anabaki palepale. Hakuna anayemwambia kwamba amefungwa. Hakuna pingu wala hati ya mahakama. Anaambiwa tu asubiri ndugu zake walete hela, na kila usiku unaopita bili inaongezeka kwa kitanda asichokihitaji tena. Mgonjwa mpya akija, yeye anahamia kwenye godoro chini, au anagawana kitanda na mwenzake. Nimewahi kuingia wodi ya wazazi ambako ungeweza kuwatenga wanaoondoka na waliozuiwa kwa kuangalia tu: wa kwanza wameshafunga mabeseni yao kwa khanga, wa pili wanafua upya nguo zilezile za mtoto na kuzianika dirishani, hawana haraka, kama watu waliohamia.

Halafu kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Kwa maandishi, utaratibu wa msamaha upo: anayeshindwa kulipa anapelekwa kwa afisa ustawi, anahojiwa. Unafanya kazi gani? Mume wako yuko wapi? Una ndugu wangapi mjini? Una shamba? Hiyo simu ni yako? Kisha anatakiwa kuleta barua ya serikali ya mtaa au ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri, kuthibitisha kwamba kweli hana uwezo. Sasa aliyezuiwa kutoka ataifuataje barua? Kijiji kikiwa Kilosa na hospitali iko Dar es Salaam, barua hiyo ina nauli yake na siku zake, na anayetumwa kuifuata ni ndugu yuleyule aliyekosa fedha ya bili. Afisa ustawi mwenyewe yuko pabaya. Anajua kwamba kila msamaha anaoupitisha unapunguza makusanyo ya hospitali anayofanyia kazi. Ni hakimu katika kesi ambayo mdai ni mwajiri wake. Wengi wao ni watu wema kuliko mfumo wanaoutumikia, na si ajabu kukuta afisa ametoa nauli ya mgonjwa mfukoni mwake.

Mochwari hesabu ni hiyohiyo, ila mazungumzo ni magumu zaidi. Mtu alikufa, bili ikabaki. Kama alipita chumba cha wagonjwa mahututi, wiki moja tu pale inaweza kuzidi mapato ya mwaka mzima ya mkulima wa jembe la mkono. Na jokofu nalo linahesabu siku zake.

Tulifikaje hapa? Baada ya Azimio la Arusha matibabu ya serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hata udaktari binafsi wa kibiashara, hadi ilipolegezwa mwaka 1991. Miaka ya themanini ikakausha hazina. "Bure" ikawa ni kuandikiwa dawa ambayo haipo, kisha uende kuitafuta kwa mtu. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, kwanza kwenye hospitali kubwa na baadaye kushuka hadi ngazi za chini, ulikuja kwa shinikizo la wakopeshaji, ni kweli, lakini pia ulikuja mahali ambapo rafu za dawa zilikuwa tupu. Wanaoikumbuka enzi ya bure kwa machozi wasisahau rafu hizo.

Pamoja na uchangiaji ukaja msamaha. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wasio na uwezo, wagonjwa wa kifua kikuu na maradhi mengine sugu, na yeyote aliye maskini wa kweli, wasilipe. Kama sera, sioni kosa lake. Ilikosa mlipaji. Serikali ilisema fulani asitoe fedha. Haikusema fedha hiyo itoke wapi. Gharama ikaachwa kwenye vitabu vya hospitali, na huko ndiko iliko mpaka leo.

Mapato ya hospitali ya umma yakoje? Mshahara wa daktari aliyeajiriwa unatoka Hazina. Dawa zinatoka Bohari ya Dawa, MSD, nyingine kwa fedha ya serikali na nyingine kwa fedha ambayo hospitali imeikusanya yenyewe. Yaliyobaki yote, umeme, maji, mafuta ya jenereta, mafuta ya gari la wagonjwa, ujira wa vibarua, posho za zamu za usiku, fundi wa kutengeneza mashine ya eksirei, yanaegemea sana kwenye kile kinachoitwa mapato ya ndani. Mapato ya ndani maana yake ni dirisha lile la malipo. Mganga mfawidhi akikusanya pungufu anaulizwa kwenye kikao. Akizuia wagonjwa anaulizwa kwenye gazeti. Kikao kipo kila mwezi, gazeti linaandika mara mojamoja. Wewe ungekiogopa kipi?

Hospitali za mashirika ya dini ziko kwenye hali ngumu zaidi. Nyingi ni hospitali teule za wilaya, yaani serikali imekubali kwamba hizo ndizo hospitali zake katika eneo hilo. Wagonjwa wa msamaha wanafika kwao kwa haki kabisa. Fidia ya kuwatibu inapochelewa, hospitali haina Hazina ya kukimbilia. Ina sadaka, ina wafadhili wa ng'ambo wanaopungua, na ina mgonjwa anayefuata.

Kwa hiyo hata huduma iliyotangazwa kuwa bure huanza kudai fedha kwa njia ya uani. Mjamzito anaelekezwa aje na glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu na mpira wa kutandika. Hajatozwa senti ya kujifungua, ila ameingia na mfuko wa vifaa ambao mama yake mzazi aliununua kwa fedha ya mahindi. Kwenye takwimu ataandikwa amehudumiwa bure.

Sisemi kwamba hatujasogea. Vifo vya wajawazito nchini vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika ule wa mwaka 2022. Vituo vya afya vya kata ambavyo zamani vilikuwa vya kupima malaria sasa vingi vinafanya upasuaji wa uzazi. Mpango wa m-mama unamchukua mjamzito mwenye dharura kijijini na kumfikisha hospitali bila nauli. Kazi hiyo imefanyika na watu wameokoka. Ndiyo maana hili la getini linaudhi zaidi: mama anafikishwa kwa gari la bure, anapasuliwa usiku wa manane, anapona yeye na mtoto, halafu anakaa wiki mbili kwa sababu ya laki chache.

Wakenya wana kisa ambacho kingestahili kusomwa na yeyote anayetaka kuandika marufuku ya aina hii. Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Nairobi alitoa hukumu kwenye kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani, hospitali kubwa ya uzazi ya umma, kwa kushindwa kulipa bili. Mmoja alikuwa amelazwa sakafuni karibu na choo kilichofurika. Mahakama ilisema kuwazuia kulikiuka haki zao za kikatiba, ikawapa fidia, mmoja shilingi milioni 1.5 na mwingine 500,000 za Kenya. Hukumu safi kabisa.

Mwezi uliofuata, Oktoba 2015, mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi saa 18 jijini humohumo akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Hospitali ya rufaa ya taifa ilikuwa imejaa. Hospitali binafsi ilitaka amana ya shilingi 200,000 za Kenya kwanza. Alipopata nafasi, muda ulikuwa umekwisha, akafa. Katiba ya Kenya, Ibara ya 43(2), inasema wazi kwamba mtu hatanyimwa tiba ya dharura.

Matukio hayo mawili hayakusababishana. Nayaweka pamoja kwa sababu yanaonyesha malango mawili ya jengo moja. Sheria inaweza kulifungua la nyuma kwa hukumu, na Katiba ikalifungua la mbele kwa ibara, lakini kama hakuna anayemlipa mtoa huduma, malango yote mawili yatabanwa na watu ambao hawajasoma hukumu wala ibara. Mwaka 2018, miaka mitatu baada ya hukumu ile, waandishi wa shirika la habari la AP bado walikuta wagonjwa wamezuiliwa kwa madeni Nairobi.

Hata bima haitoi kinga yenyewe tu. Oktoba 2024 Kenya ilivunja mfuko wake wa zamani wa bima ya afya, NHIF, ikaanzisha mamlaka mpya ya SHA, wenye mishahara wakikatwa asilimia 2.75. Mfuko wa zamani uliacha madeni ya mabilioni kwa hospitali. Kufikia Februari 2025 chama cha hospitali binafsi za mijini na vijijini, RUPHA, kikawa kinawaambia wenye kadi walipe taslimu. Mgonjwa ana kadi halali, amekatwa mshahara, na bado amesimama mapokezi akihesabu noti.

Tusiwacheke. Machi 2024 hapa kwetu NHIF yetu, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao na bei zake, baadhi ya hospitali kubwa binafsi zilisitisha kupokea wanachama wake. Ukiuliza nani alikuwa na haki kwenye mvutano ule wa bei, utapata majibu mengi ya wahasibu. Aliyekuwa na mzunguko wa kusafishwa damu siku ile, ambaye lazima aende mara tatu kwa wiki na hawezi kuahirisha kwa sababu figo haziahirishi, alikuwa na swali moja tu: leo nakwenda wapi?

Burundi nayo ilipita njia hii kabla yetu. Mwaka 2002 ilianza kuwatoza wagonjwa gharama kamili za matibabu. Miaka michache baadaye wodi za Bujumbura, ikiwemo hospitali ya Mfalme Khaled, zikawa na watu waliopona ambao hawawezi kutoka. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch na wanaharakati wa Burundi wa APRODH wakatoa ripoti iliyoeleza hali hiyo kwa kirefu. Mei mwaka huohuo Rais Pierre Nkurunziza alishatangaza kwamba wajawazito na watoto chini ya miaka mitano watibiwe bure. Akina mama wakafurika. Dawa zikaisha, fidia kwa hospitali zikachelewa, wauguzi wachache wakaelemewa. Ilichukua hadi mwaka 2010 kuunganisha huduma hiyo ya bure na malipo yanayokwenda kituoni kulingana na kazi iliyofanyika. Angalau walifika kwenye hesabu, hata kama walianza na tangazo.

Uganda ilifuta malipo kwenye hospitali na vituo vya umma Machi 2001. Mahudhurio yalipanda sana, hasa ya maskini, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini dawa zilipokuwa zinaisha, watu walitumwa kununua nje, na mzigo wa matumizi makubwa ya tiba kwa kaya maskini haukupungua kama ilivyotarajiwa. Fedha ilihama kutoka dirisha la hospitali kwenda kaunta ya duka la dawa.

Sehemu ambayo haiandikwi kwenye bili yoyote ni kile kinachompata mgonjwa mwenyewe. Lubumbashi, Kongo, watafiti waliofuatilia hospitali kubwa ya jimbo mwaka 2016 walikuta karibu nusu ya wazazi waliostahili kuondoka wamezuiwa kwa sababu ya deni. Mtu aliyeshonwa tumboni anakaa kwenye wodi iliyojaa vimelea bila sababu ya kitabibu. Nyumbani kuna watoto wengine wanaolishwa na jirani. Kibarua kimepotea. Chakula cha hospitali ni cha mgonjwa, na yeye kwenye orodha si mgonjwa tena. Aibu ni kubwa kuliko njaa: kila raundi daktari anampita kama kitu kilichowekwa pale.

Wengine wanatoroka. Wanaondoka alfajiri walinzi wanapobadilishana zamu, bila dawa za kwenda nazo, bila kadi ya kliniki ya mtoto, na hawarudi kutolewa nyuzi kwa kuogopa kutambuliwa. Mtoto huyo anakosa chanjo kwa sababu ya deni la mama yake. Na mimba inayofuata? Aliyezuiwa mara moja huhadithia kijiji kizima. Tunatumia fedha nyingi kuwashawishi akina mama wajifungulie kwenye vituo, kisha tunawapa hadithi ya kuwatisha wenzao.

Wauguzi nao wanaumia. Mgonjwa akitoroka, ni zamu yao inayoandikiwa maelezo. Kwa hiyo binti aliyesomea kuhudumia anajifunza kuhesabu vichwa usiku na kuangalia nani amevaa viatu. Uhusiano ukishaharibika namna hiyo, usitegemee mgonjwa amwambie ukweli kuhusu maumivu yake.

Kuna hoja ya upande wa pili, na si ya kubeza. Wahasibu wa hospitali watakwambia kwamba wapo wanaojidai maskini. Wanakuja na simu ya milioni, wanalia dirishani, na wakiambiwa basi nendeni, kesho yake msiba una mahema matatu, pilau na basi la kusafirisha mwili hadi Bukoba. Mna hela ya pilau hamna ya bili? Nimeisikia kauli hiyo na sina jibu la haraka, kwa sababu wakati mwingine ni kweli.

Ila tazama fedha hiyo inavyopatikana. Mtu akifa, ndani ya saa chache kuna kamati. Kuna mwenyekiti, mhazini, daftari, kundi la WhatsApp, na majina ya wasiochanga yanajulikana. Mtu akiugua hakuna kamati. Kuna mke anayepiga simu moja moja, anasema "shemeji, hali si nzuri," anaahidiwa mwisho wa mwezi. Uwezo wa kuchangia tunao, na tumeuunda vizuri kwa ajili ya kaburi kuliko kwa ajili ya wodi. Rambirambi ni mfumo wenye nidhamu kuliko mfuko mwingi wa afya ya jamii niliowahi kuuona. Familia haidanganyi inaposema Jumatatu kwamba haina kitu na Ijumaa ikazika kwa heshima. Siku hizo mbili inachota kwenye visima tofauti. Serikali inayotaka bima ya wote ingefanya vyema kujifunza kwa wahazini wa misiba kabla ya kuajiri washauri.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023. Kabla yake tulikuwa na mfuko wa afya ya jamii, CHF, ulioanzia Igunga mwaka 1996 kama jaribio, ukaboreshwa baadaye kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Bei nafuu, lakini mwanachama aliyefika kituoni akakuta hakuna dawa hakurudi kulipa mwaka wa pili, na huwezi kumlaumu. Bima ya wote itaanguka au kusimama kwenye jambo hilohilo, pamoja na lile la kasi ya kumlipa mtoa huduma. Mfuko unaochelewesha madai kwa miezi sita unafundisha hospitali kuipenda fedha taslimu.

Basi marufuku iwepo, lakini iandikwe na mtu anayejua dirisha la malipo linavyofanya kazi. Kwanza, uamuzi kuhusu uwezo wa mgonjwa ufanyike siku ya kuingia, si siku ya kutoka. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, imekwisha kuzitambua kaya maskini zaidi ya milioni moja, imekwenda hadi mlangoni kwao, imehesabu mabati na mbuzi. Kwa nini mtu ambaye dola imeshamwandika kuwa maskini ahojiwe upya na afisa ustawi akiwa na mtoto wa siku tatu mkononi? Daftari hilo likisomeka kwenye kompyuta ya mapokezi, barua ya mtendaji haihitajiki kwa wengi wao. Litakuwa na makosa, madaftari yote yana makosa, na afisa ustawi abaki kwa ajili ya yule ambaye daftari lilimruka au ambaye umaskini ulimpata mwaka huu.

Halafu msamaha uwe na kasma yake, yaani fungu lake kwenye bajeti. Hospitali iliyomhudumia mgonjwa wa msamaha ipeleke madai kama inavyopeleka kwenye bima, ilipwe kwa viwango vinavyojulikana, na fedha iingie kwenye akaunti ya kituo. Njia za kupeleka fedha moja kwa moja vituoni tunazo tangu mwaka 2017. Hatuanzi na karatasi tupu. Najua swali la Hazina: fedha itoke wapi? Abuja mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na nchi nyingi hazijafika, yetu ikiwamo. Sitarajii ifikiwe kesho. Lakini gharama ya msamaha tayari inalipwa leo, ila inalipwa kwa dawa zinazokosekana, jenereta lisilo na mafuta na vitanda vinavyokaliwa na watu waliopona. Kuihamishia kwenye kasma ni kuiandika tu mahali inapoonekana.

Kwa aliye na uwezo na hataki kulipa, deni ni deni. Lifuatwe kama madeni mengine, kwa makubaliano ya awamu, kwa simu, kwa mahakama ikibidi. Taifa linalofuatilia mikopo ya wanafunzi wa chuo kikuu hadi kwenye mishahara yao halishindwi kumfuata mwenye bili. Lisichoweza kufanya ni kumgeuza mtu kuwa rehani. Na bei za amana za kuingilia zidhibitiwe katika kanuni ileile inayozuia kushika miili, kwa aya inayofuata, si kwa tamko lingine miaka mitano baadaye, pale ambapo majeruhi wa bodaboda atakuwa ameshakataliwa kwenye mageti mawili.

Wizara ya Afya inaposoma bajeti yake bungeni, sitatafuta idadi ya majengo mapya. Nitatafuta kifungu chenye jina la fidia kwa huduma za msamaha, nione kimetengewa kiasi gani, na mwaka unaofuata nione ni kiasi gani kilitolewa kweli.